Mwana Aliyesema Hataki

Mahubiri ya Dominika ya 26 ya Mwaka A
Masomo: Eze 18:25-28; Flp 2:1-11; Mt 21:28-32



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioketi majumbani kando ya redio, ninyi wagonjwa msioweza kufika kanisani, na ninyi makatekista mnaoongoza ibada ya leo katika vigango vya milimani ambako padre hafiki kila juma: neema na amani ya Bwana wetu Yesu Kristo ziwe nanyi.

Leo naanza kwa kuungama kosa langu. Miezi michache iliyopita wazee watatu wa jumuiya moja ndogo ya Kikristo walinijia jioni wakiwa na barua mkononi na uchungu moyoni. Usiku uliotangulia walikuwa wametazama kipindi cha mazungumzo katika televisheni. Msomi mmoja kijana aliulizwa juu ya imani yake, naye akajibu bila kusitasita kwamba haamini kuwa Mungu yupo. Kisha akauliza: kama Mungu yupo, na kama ni mwema, kwa nini watoto wasio na kosa wanateseka na kufa? Wazee wangu waliona kwamba Mungu ametukanwa sebuleni mwao, mbele ya wajukuu wao. Barua yao ilikuwa malalamiko kwa wakuu wa kituo kile, na nakala kwa serikali. Walidai kipindi kifungwe na kijana yule asionekane tena. Wakaniomba sahihi yangu na mhuri wa parokia. Niliwapa vyote viwili bila kuuliza neno.

Mzee mmoja, alipokuwa akiikunja barua, akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Baba Paroko, yule wa kwenye televisheni anasema maneno yale yale ya mjukuu wangu."

Nikamwuliza, "Mjukuu wako yuko wapi siku hizi, mzee wangu?"

"Haji tena kanisani. Aliuliza swali hilo katika mafundisho ya Kipaimara, akaambiwa atubu na asirudie kumkufuru Mungu. Tangu siku ile hajarudi."

"Na kwa nini aliuliza?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Alipokuwa mdogo ndiye aliyemshika fimbo kaka yangu, yule aliyepofuka kwa usubi. Alimwongoza mpaka alipofariki."

Ndugu zangu, usiku ule sikupata usingizi. Tulikuwa tumeandika barua kumlalamikia kijana tusiyemjua, aliye mbali. Kijana tunayemjua, tuliyembatiza sisi wenyewe, alikuwa ameuliza swali lile lile katikati yetu, tukamfukuza, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja kulalamika.

Sasa tusikilize Injili ya leo. Mtu mmoja alikuwa na wana wawili. Aliwaambia wote wawili waende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Mmoja alijibu kwa adabu kwamba anakwenda, asiende. Mwingine alisema wazi kwamba hataki, lakini baadaye akabadili moyo, akaenda. Bwana wetu anauliza: ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba?

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Yesu anasema na nani? Mwinjili Mathayo anatuambia kwamba anasema na makuhani wakuu na wazee wa watu. Kwa lugha yetu, anasema na mapadre na wazee wa kanisa. Anasema nami niliyeshika mhuri, na wazee wangu walioshika barua. Pili, baba yule alifanya nini aliposikia mwanawe akikataa? Injili haisemi kwamba alimpiga wala kwamba alimfungia mlango. Alimwachia muda. Kama angemtupa nje saa ile ile, nani angefanya kazi shambani jioni?

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kuamini na kutokuamini ni mamoja. Kumjua Mungu ni uzima wetu, na anayemkosa amekosa jambo kubwa kuliko yote. Sisemi pia kwamba matusi ni sawa. Mtu akiikejeli Ekaristi Takatifu, au akiwadhihaki ndugu zetu Waislamu na Msahafu wao kwa nia ya kuumiza, huo ni uovu, na sheria za nchi yetu zinakataza kutukana dini ya watu. Lakini mtu anayesema "mimi siamini, na sababu yangu ni hii" hajamtukana mtu. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Uhuru huo ndio unaotuwezesha sisi kupiga kengele za kanisa bila hofu. Hatuwezi kuushika upande mmoja tu.

Malalamiko kama yetu yamekwisha kutokea kwingine. Mwezi Februari 2015 televisheni ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilionyesha mazungumzo ya mtangazaji mzee Gay Byrne na mwigizaji wa Kiingereza Stephen Fry. Byrne alimwuliza: ukifa, ukamkuta Mungu yuko kweli, utamwambia nini? Fry, asiyeamini, akajibu kwa ukali kwamba angemwuliza Mungu juu ya saratani ya mifupa kwa watoto, na juu ya wadudu wanaoingia machoni mwa watoto na kuwapofusha. Ni Mungu gani, alisema, anayeumba ulimwengu wa namna hiyo? Mtazamaji mmoja alipeleka malalamiko polisi, kwa kuwa nchini humo kulikuwa bado na sheria ya kukufuru. Mwezi Mei 2017 habari zilienea kwamba polisi walilichunguza jambo hilo, kisha wakalifunga kwa kukosa watu wa kutosha walioudhika. Mwezi Oktoba 2018 wananchi wa Ireland, nchi iliyotoa wamisionari wengi waliokuja Afrika Mashariki, walipiga kura, kosa la kukufuru likaondolewa katika katiba yao.

Malalamiko yalizaa nini basi? Maneno ya Fry yalisambaa duniani kote, yakasikilizwa na watu wengi kuliko waliotazama kipindi siku ile. Na swali lenyewe halikupata jibu polisi, kwa sababu polisi si mahali pa kulijibu.

Wadudu wanaopofusha! Ndugu zangu wa Morogoro, sisi hatuna haja ya mtu wa Ulaya kutusimulia habari hizo. Usubi ni nzi mdogo mweusi anayezaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, kama ile inayoteremka kutoka milima ya Uluguru na ile ya Mahenge. Anapomwuma mtu humwachia vimelea vya minyoo. Minyoo hukomaa mwilini, huzaa vizazi vingi vinavyotembea chini ya ngozi na kuleta mwasho usiokwisha usiku na mchana. Vizazi hivyo vikifika machoni, baada ya miaka mingi, mtu hupofuka. Mito ile ile inayotunywesha, na inayojaza Ruvu iendayo kuwanywesha watu wa Dar es Salaam, ndiyo inayomlea nzi huyu. Kijana aliyemshika fimbo babu yake hakujifunza swali lake katika televisheni. Alilijifunza njiani, kwenye miteremko yetu, akimwonyesha mtu mzima mahali pa kuweka mguu.

Je, kumwuliza Mungu swali hilo ni kufuru? Tumwulize Ayubu. Ayubu alimlalamikia Mungu kwa maneno makali kuliko yote tuliyosikia katika kipindi kile. Rafiki zake wakamtetea Mungu. Walisema kwamba Mungu hakosei, na kwamba bila shaka Ayubu ametenda dhambi. Maneno yao yalikuwa ya uchaji. Lakini mwishoni mwa kitabu (Ayu 42:7) Mungu anawakasirikia hao waliomtetea, kwa kuwa hawakusema yaliyo kweli juu yake kama alivyosema Ayubu. Ndugu zangu, aya hiyo inanitisha. Yawezekana mtu akamtetea Mungu maisha yake yote, mwishoni Mungu amwambie kwamba utetezi wake ulikuwa uongo.

Basi jibu letu ni lipi? Mimi sina ufafanuzi unaokausha machozi ya mtu aliyepofuka, na padre asemaye anao asimdanganye mtu. Kanisa halitupi maelezo tu, linatupa Msalaba. Mtume Paulo anatuambia leo, katika barua kwa Wafilipi, kwamba Kristo hakung'ang'ania utukufu wake bali alishuka, akajinyenyekeza hata kufa msalabani. Mungu wetu hakujibu mateso akiwa mbali. Aliyaingia. Na pale msalabani naye alilia akiuliza kwa nini ameachwa. Anayeuliza "kwa nini" yuko karibu na Msalaba kuliko anavyodhani.

Na shamba la mizabibu lipo palepale, likingoja watenda kazi. Sikilizeni habari hii. Mjapani Satoshi Ōmura alipata katika udongo wa nchi yake kiumbe kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Mtaalamu William Campbell, aliyezaliwa Ireland, pamoja na wenzake huko Marekani, wakapata kutokana na kiumbe hicho dawa iitwayo ivermectin. Tangu mwaka 1987 kampuni iliyoitengeneza, Merck, imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya wagonjwa wa usubi. Na mwezi Oktoba 2015 Ōmura na Campbell walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Mnaona, wapendwa? Swali juu ya wadudu wanaopofusha liliulizwa mwaka 2015 katika televisheni ya Ireland. Mwaka ule ule, mwana wa Ireland alituzwa kwa kazi iliyookoa macho ya watu wetu. Mmoja alipaza swali, mwingine alikuwa amekwisha kwenda shambani miaka mingi kabla. Na ninyi mliokunywa dawa ile hamkuuliza kwanza kama walioigundua ni waamini au la.

Narudi kwenye barua yetu. Wengine watasema: Padre, tusipowanyamazisha, vijana wetu watapotea. Nawaomba wazee wa Uluguru wakumbuke habari ya matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuilinda ardhi ilikuwa njema. Lakini watu walichimba kwa amri na faini, bila kuridhika, mpaka mwaka 1955 hasira zikalipuka huko Matombo na mpango ukaachwa. Leo nendeni Mgeta mkaone watu wanavyolima mboga kwenye ngazi za mlima kwa hiari yao, kwa kuwa wanaona faida yake. Imani nayo ni hivyo hivyo. Ikilindwa kwa amri huporomoka mvua ya kwanza.

Majirani zetu wa Kenya wametuachia funzo pia. Februari 2016 chama cha watu wasioamini Mungu kiliandikishwa rasmi nchini humo. Watu wa dini wakalalamika, na mwezi Aprili usajili ukasimamishwa. Jambo likaenda mahakamani, na chama hakikufa. Kisha mwaka 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu, akieleza kwamba amempata Yesu Kristo. Mimi sijaona barua ya serikali iliyompeleka mtu kwenye kisima cha ubatizo. Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi. Wenzake wasioamini walitangaza kuondoka kwake na wakamtakia heri. Nikajiuliza: yule mjukuu alipoondoka kwetu, ni nani katika jumuiya aliyemtakia heri?

Ndugu zangu, upo ukanushi wa mdomo, na upo ukanushi wa mwenendo. Wa kwanza huonekana katika televisheni. Wa pili huketi kanisani, wakati mwingine mstari wa mbele. Zaburi ya 14 inamwita mpumbavu yule anayemkana Mungu moyoni, nasi hupenda kumtupia msomi aya hiyo. Lakini endeleeni kusoma mpaka aya ya nne, mtaona Mzaburi anawasema akina nani: ni watu wanaowanyonya na kuwamaliza wenzao bila kusita. Anayemdhulumu mjane shamba la ukoo amemkana Mungu. Vivyo hivyo anayepunja mizani ya mkulima aliyeteremsha mzigo wake kichwani tangu alfajiri, hata kama Dominika anaimba kwaya.

Si mimi ninayezua haya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Furaha na Matumaini ya mwaka 1965, namba ya 19, unakiri kwamba waamini wenyewe wana sehemu isiyo ndogo katika kuzaliwa kwa ukanushi wa Mungu, pale wanapoficha sura yake kwa mafundisho mabaya na kwa mwenendo mbaya. Naye Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki mwaminifu, aliwaonya watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhirikiana na maskini katika kupigania utu wao, litakuwa kitu kisicho na maana kwa watu. Maonyo hayo tumeyasoma. Shida ni kwamba sisi ni wepesi wa kusema "ndiyo, Bwana, tunakwenda".

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu, hasa ninyi makatekista.

La kwanza: mtoto akiuliza, asikemewe. Kuuliza si ujinga, wala si dhambi. Mtume Tomaso alikataa kuamini mpaka aone, na mitume wenzake hawakumfukuza. Baada ya siku nane alikuwa bado chumbani pamoja nao, ndipo Bwana alipomkuta. Kama wangemtoa nje, angekutana na Bwana wapi?

La pili: ukiwa hujui jibu, sema hujui, kisha tafuteni pamoja. Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye sababu ya tumaini letu, na anaongeza kwamba tufanye hivyo kwa upole na heshima (1 Pet 3:15-16). Tumezoea kukumbuka nusu ya kwanza ya agizo hilo.

La tatu: kabla hujamlalamikia anayesema haamini, nenda kwanza shambani. Tembelea nyumba moja yenye mgonjwa. Hilo ni jibu ambalo hata asiyeamini anaweza kulisoma.

Namalizia habari yangu. Asubuhi iliyofuata niliwaomba wazee barua ile kabla haijafika posta. Tulibishana, na walikuwa na haki ya kunishangaa. Mwishowe tukaandika nyingine, tukiomba kituo kile kimwalike siku moja mwamini aketi meza moja na kijana yule, wazungumze kwa heshima. Majibu bado tunayangoja.

Kisha nikapanda mlima kwenda kumtafuta yule mjukuu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumwambia. Nilimkuta nje ya nyumba ya jirani, ameshika kijiti cha kupimia urefu, daftari na kopo la vidonge. Kumbe wanakijiji walikuwa wamemchagua kuwa mgawa dawa ya usubi. Humsimamisha kila mtu kando ya kijiti, kwa kuwa idadi ya vidonge hufuata urefu wa mtu, kisha huandika jina. Dawa hiyo haiui minyoo mikubwa bali vizazi vyake, kwa hiyo lazima irudiwe mwaka hata mwaka, nyumba kwa nyumba, bila kuchoka. Aliponiona alinisalimu, "Shikamoo, Padre," akaendelea na kazi. Kulikuwa na nyumba nyingi bado, na nyingine ziko ng'ambo ya korongo.

Maneno niliyojiandalia sikuyasema. Nilimwomba anipe daftari niandike majina, naye apime. Tukatembea hivyo mpaka jua lilipozama. Aliniuliza maswali mawili juu ya Mungu. Moja nilimjibu kadiri nilivyoweza, na jingine nilimwambia sijui.

Mpaka leo ninapozungumza nanyi, hajarudi kanisani. Babu yake anamwombea kila jioni, nami pia. Lakini Injili ya leo inaponiuliza ni yupi kati ya wana wawili aliyefanya mapenzi ya baba yake, mimi mwenye mhuri nainamisha kichwa, na ninamwona kijana yule mlimani na kijiti chake.

Ee Bwana, utusamehe sisi tuliosema "ndiyo" tukabaki nyumbani. Uwafungulie mlango wale wanaosema hawataki, wala usituache sisi tuufunge kabla yako. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.